Kufunga Breki za Diski za Nyuma Nyumbani

Barabara itokayo Kicukiro kupitia Gahanga hadi mpaka wa Nemba huteremka kuelekea Mto Nyabarongo. Katika mteremko kama huo ndipo kazi ya breki iliyofanyiwa uani hupimwa.

Egesheni gari mahali tambarare. Breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, na haina budi kulegezwa ili kazi ifanyike. Kwa hiyo wekeni kabari kwenye magurudumu ya mbele. Gari likiinuliwa, likae juu ya stendi. Asiingie mtu chini ya gari lililobebwa na jeki pekee.

Kalipa, yaani kishikio cha pedi, itundikwe kwa waya, isining'inie kwenye mpira wa mafuta ya breki. Diski mpya ifutwe mafuta ya kuzuia kutu. Katika magari mengi pistoni ya nyuma hurudishwa kwa kuzungushwa, si kwa kusukumwa. Kuilazimisha ni kuiharibu. Breki ya mkono ikiwa ya umeme, kazi hiyo ni ya fundi. Pedi zibadilishwe pande zote mbili, na bolti zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji.

Kabla ya kuondoka, kanyageni pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Ikibaki laini, huenda mna hewa ndani, gari lisitoke. Ikiwa imara, lijaribiwe polepole kwenye tambarare, kisha lipelekwe kukaguliwa.

Gerayo Amahoro: fikeni salama.