Kabla Hujalipa: Hakikisha Simu Inaelewana na Mnara wa Kwenu

Korosho zikishapita mnadani na malipo yakaingia, Mtwara inanunua simu. Meza za wauzaji zinajaa, watu wa Tandahimba na Newala wanashuka mjini, na simu za mtumba kutoka Dubai zinagombewa. Raha hiyo ni halali, na jasho la msimu mzima linastahili simu inayofanya kazi. Tatizo ni kwamba simu inayoshika vizuri Shangani mjini inaweza kufika Kilambo kando ya Ruvuma ikakaa bila kimstari hata kimoja, nawe umeshalipa. Vidokezo hivi ni vya kila anayenunua simu ya kutumia mwambao huu, kuanzia Mikindani hadi Ruvuma inapoingia baharini.

1. Anza na mnara wa kwenu

Kabla ya kuchagua simu, jua mtandao gani unashika pale unapolala, unapolima na unapovua. Mjini unachagua utakavyo: Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL, au Yas ambayo wengi bado wanaiita Tigo, jina lililobadilishwa Novemba 2024. Vijijini uchaguzi unapungua. Waulize majirani wawili watatu, na uulize hasa kuhusu intaneti, kwa sababu mtu akikwambia "mtandao upo" huenda anamaanisha kupiga na kupokea tu.

Majibu ya zamani usiyategemee. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unatoa ruzuku ya kujenga minara mahali ambapo kampuni peke yake isingeona faida, na Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 nchini. Kijiji kilichokuwa gizani juzi huenda leo kina 4G.

2. *#06# kwanza, bei baadaye

Piga *#06# kwenye simu unayoitaka. Itatoka namba ya IMEI yenye tarakimu 15, na simu ya laini mbili itatoa namba mbili. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Jibu litakutajia aina ya simu. Umeshika Samsung na jibu linataja kitu kingine? Irudishe mezani kwa upole na uondoke.

Waliokuwapo Juni 2016 wanakumbuka TCRA ilipozima simu bandia nchi nzima usiku mmoja. Simu yenye IMEI bandia au iliyoripotiwa kuibwa inaweza kufungiwa na mitandao yote, hata kama bendi zake ni nzuri namna gani. Hakikisha pia IMEI ya kwenye kioo inafanana na ya kwenye boksi, na iandikwe kwenye risiti.

3. Soma namba ya toleo, jina halitoshi

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Simu mbili zenye jina moja, rangi moja na kamera ileile zinaweza kuwa na redio tofauti ndani, kwa sababu kiwanda hutengeneza toleo la kila soko. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu", utafute namba ya toleo. Kwa simu nyingi kubwa za Samsung, herufi ya U mwishoni ni toleo la Marekani, N ni la Korea Kusini, na sifuri ni la China. Kwa iPhone, gusa namba ya toleo na itageuka kuwa nyingine inayoanza na A. Ichukue namba hiyo uitafute kwenye tovuti ya Apple au GSMArena, usome orodha ya bendi. Ni kazi ya dakika tano, na kijana yeyote mwenye bando anaweza kukusaidia.

Simu za Xiaomi na wenzake zilizotengenezwa kwa soko la China huja kwa bei tamu, lakini matoleo mengi hayana bendi ya 20 wala ya 28. Kidokezo kinachofuata kinaeleza kwa nini hilo ni jambo kubwa huku kwetu.

4. Tafuta bendi za chini

Mnara na simu vinaongea kwa masafa, na kila fungu la masafa lina jina lake la bendi. Tanzania, 2G iko kwenye megahezi 900 na 1800. 3G iko kwenye 2100, na pia 900. 4G imesambaa zaidi: 700 (bendi ya 28), 800 (bendi ya 20), 1800 (bendi ya 3) na 2300 (bendi ya 40). TCRA ilinadi masafa ya 700 mwaka 2018, na mnada mwingine wa Oktoba 2022 ukatoa masafa mengine ya 700 pamoja na 2300, 2600 na 3500.

Masafa ya chini husafiri mbali na hupenya kuta na majani kuliko ya juu. Ukiwa mbali na ngoma, unasikia besi kabla hujasikia filimbi; redio nazo ziko hivyo. Mjini, ambako minara iko karibu karibu, 1800 inatosha kabisa. Ukivuka kwenda Msanga Mkuu, au ukaenda Madimba na Msimbati ambako mnara mmoja unahudumia eneo kubwa lenye mikorosho na minazi katikati, bendi za chini ndizo zitakazokushikia 4G. Kama simu haina 20 wala 28, jirani yako atakuwa anatazama video huku wewe umerudi 3G au 2G, na mnara ni uleule.

Kila kampuni ina masafa yake, kwa hiyo usikariri bendi moja ukadhani inafaa mitandao yote. Nenda dukani kwao au piga 100, namba ya huduma kwa wateja, na uliza swali lililonyooka: "4G ya mnara wa kijiji fulani iko bendi gani?" Akikosa jibu mhudumu, tumia njia ninayoipenda zaidi. Mtafute kijijini mtu mwenye Samsung inayoshika 4G vizuri, umwombe apige *#0011#. Kwenye simu nyingi za Samsung utafunguka ukurasa wa maandishi ya kiufundi, na ndani yake kuna neno "Band" na namba. Kwa iPhone piga *3001#12345#*. Namba hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

5. Simu imefungwa laini?

Simu iliyolokiwa ina redio nzuri kabisa ila imeamriwa na kampuni iliyoiuza ikubali laini zake tu. Kwa iPhone ukaguzi ni rahisi: mipangilio, sehemu ya jumla, kisha "About", utafute mstari wa "Carrier Lock". Ukiona "No SIM restrictions", iko huru. Ukiona maandishi mengine, mwachie muuzaji mzigo wake.

Kuwa macho na kikadi chembamba kinachowekwa pamoja na laini ili kuidanganya simu, kinachoitwa R-SIM. Simu inasoma laini mbele yako vizuri tu, halafu siku ikisasishwa inagoma. Toa kisahani cha laini utazame kwa macho yako. Kukiwa na kitu cha ziada juu ya laini, bei hiyo si ya simu huru.

Kufungwa kwa namna nyingine ni simu za mkopo. Zinauzwa kwa malipo ya kila siku au kila wiki, na aliyekopa akiacha kulipa, simu inazimwa kwa mbali. Anayekuuzia simu mpya kwa nusu bei huku akisema ana haraka ya nauli, mwombe karatasi ya kumaliza deni.

6. Zawadi ya shemeji wa Ughaibuni

Ndugu aliyeko Marekani akikuuliza ununuliwe simu gani, mjibu mapema, kabla hajalipa. Mwambie: isiyofungwa, na iwe na bendi ya 3, 20 na 28. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa na kampuni za huko zinatumia bendi za 2, 4, 12, 13, 66 na 71, ambazo hazikusaidii Mtwara. Za zamani zaidi zilizotengenezwa kwa mfumo wa CDMA pekee hazisomi laini yetu kamwe.

Jambo la pili: kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, iPhone zinazouzwa Marekani hazina tundu la laini. Zinatumia eSIM, laini isiyo na kadi. Kabla ya kupokea zawadi hiyo, nenda kwenye duka la mtandao wako uulize kama wanakuwekea eSIM hapohapo Mtwara na utapitia hatua gani. Laini ya eSIM nayo husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo uende na namba yako ya NIDA. Aliyeko Muscat au Dubai ana kazi nyepesi kwa upande wa bendi, maana bendi za 3 na 20 zinatumika sana upande ule.

7. Huenda kosa ni la laini

Laini uliyoisajili zamani inaweza kuwa ya kizazi cha 2G au 3G. Ukiiweka kwenye simu mpya, 4G huenda isitokee, na simu ndiyo inayolaumiwa. Duka la mtandao litakubadilishia upate laini ya 4G yenye namba yako ileile. Lifanye hilo kwanza, kabla hujaanza kuzunguka kwa mafundi kuflashi simu isiyo na ugonjwa.

8. Jaribu palepale, bila aibu

Nenda dukani na laini yako mwenyewe yenye salio na bando. Iweke, kisha:

Piga simu, mruhusu na mwenzako akupigie. Fungua menyu ya pesa, iwe *150*00# ya M-Pesa, *150*60# ya Airtel Money au *150*88# ya Halopesa. Malipo ya korosho yakipitia simu, hiyo ndiyo kazi yake kuu. Kisha ingia mipangilio ya mtandao, uchague 4G peke yake kama simu inaruhusu, ufungue ukurasa wowote. Ikishindwa hapo mjini, kijijini usiitarajie.

Hamisha laini kwenye tundu la pili urudie. Baadhi ya simu za laini mbili, hasa za miaka ya nyuma, tundu la pili ni la 2G tu.

Muuzaji mwema atakuvumilia. Muombe pia siku chache za kuijaribu nyumbani, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye risiti.

9. Kitochi nacho kina bendi

Kwa bibi anayetaka kupiga na kupokea, kitochi cha 900 na 1800 kinamtosha na chaji inakaa siku nyingi. Ukisoma 850 na 1900 peke yake kwenye boksi, hicho ni cha soko la Marekani; hata 2G hakitashika hapa.

10. 5G ikiwa inaongeza bei

Vodacom ilizindua 5G nchini Septemba 2022 na wengine wakafuata. Masafa ya juu kama 3500 yana kasi kubwa na hayafiki mbali. Kwa mtu wa Msimbati, bendi za chini na betri kubwa ni matumizi bora ya pesa.

11. Karibu na Ruvuma, chagua mtandao kwa mkono

Ukiwa Kilambo au vijiji vya kando ya mto, simu iliyoachwa ichague yenyewe inaweza kushika mnara wa Msumbiji. Salio linaweza kwenda kwa viwango vya nje ya nchi, na saa nayo inabadilika: Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja. Mvuvi aliyeweka alamu ya saa kumi alfajiri ataamshwa saa kumi na moja, na chombo kimeshaondoka.

Zima data ya kutumika nje ya nchi ("data roaming"), zima saa ya kujirekebisha yenyewe, kisha uchague mtandao kwa mkono. Orodha ikileta namba badala ya majina, zinazoanza na 640 ni za Tanzania na 643 ni za Msumbiji. Kwa wanaovuka kufanya biashara Palma, simu inayofaa hapa itashika na kule, lakini Vodacom ya kule ni mtandao mwingine na namba zake zinaanza na +258. Halotel ya kwetu na Movitel ya Msumbiji zina mmiliki mkuu mmoja, Viettel ya Vietnam, ila laini ni mbalimbali.

12. Baharini

Mnara wa kawaida wa 2G una mpaka wa takriban kilomita 35. Ukivuka umbali huo, simu inaweza hata kuonyesha kimstari na bado isipige, kwa kuwa mawimbi yanafika kwa kuchelewa kuliko mnara unavyoweza kusubiri. Hakuna toleo la simu wala bendi ya 2G ya kuliondoa hilo. Wavuvi wa kina kirefu wachukue laini za mitandao miwili yenye minara ufukweni, wamwambie mtu wa nchi kavu wanaelekea wapi na watarudi lini, ndipo wasukume chombo.