Nahau za Pua: Tafsiri Maana, Pua Iache Ilipo

Barazani kwa mzee mmoja wa Isansa, wilayani Mbozi, kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja, na mjukuu wake wa kidato cha pili alikuwa akichambua punje mbovu. Pembeni kulikuwa na kipande cha gazeti la Zambia kilichofungiwa sabuni iliyonunuliwa Nakonde. Mtoto akakiokota, akasoma sentensi iliyosema wakulima wa huko "paid through the nose" walipotafuta mbolea. Akamgeukia mzee: "Babu, wanasema wakulima walilipia mbolea kupitia puani."

Mzee hajui Kiingereza. Aliuliza swali moja tu: "Kwani mbolea ilikuwa bei gani?" Mtoto akasoma mbele kidogo, akajibu kwamba bei ilikuwa imepanda mara mbili. "Basi sema walilanguliwa, mjukuu wangu," mzee akasema, akaendelea kugeuza kahawa yake.

Mimi mgeni nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, na nimelibeba swali lile hadi leo. Mtoto alijua kila neno la sentensi ile na bado maana ikamponyoka. Mzee hakujua hata neno moja, lakini aliuliza juu ya jambo lenyewe, na Kiswahili chake kikampa neno sahihi papo hapo. Makala hii inaeleza namna ya kufanya alivyofanya mzee yule.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Nahau ni fungu la maneno lililozoeleka ambalo maana yake huipati kwa kujumlisha maana ya neno mojamoja. Kila lugha inazo, na nyingi hujengwa kwa viungo vya mwili.

Mkoa wa Songwe unapakana na Zambia, nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza. Mtu wa Isansa anayeshuka Tunduma na kuvuka kwenda Nakonde kuuza au kununua hukutana na Kiingereza kwenye fomu, mabango, magazeti na midomo ya watu. Mtoto wake naye, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, huingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Nahau ndizo humkwamisha, kwa sababu anaweza kuyajua maneno yote na bado asielewe kilichosemwa.

Katika makala hii nitaweka Kirusi kando ya Kiingereza. Watanzania wengi walisomea Urusi ya zama za Kisovieti na wengine wanaendelea kwenda huko, hasa Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow, kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Tena Kirusi kina nahau nyingi za pua. Tukizilinganisha na za Kiingereza, tutaona kwamba hata lugha mbili za Ulaya hazikubaliani pua isimame wapi.

Maswali matatu ya kujiuliza

Ukikutana na nahau usiyoijua, jiulize hivi:

1. Limetokea nini hapa? Soma sentensi iliyotangulia na inayofuata, kama mzee alivyouliza bei ya mbolea.
2. Msemaji anasifu, analaumu, anaonya au anakejeli? Nahau ya lawama ukiitafsiri kwa neno la sifa, umeiharibu habari nzima.
3. Jambo hilohilo likitokea hapa kwetu, sokoni, shambani au nyumbani, watu wangesemaje? Jibu la swali hili ndilo tafsiri yako, iwe ina pua au haina.

Mwalimu Julius Nyerere alitufundisha hili kwa vitendo. Alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice na kuichapisha mwaka 1969, aliiita *Mabepari wa Venisi*. Angeshika neno kwa neno, jina lingekuwa "Mfanyabiashara wa Venisi". Alichagua neno ambalo msomaji wa Tanzania ya wakati ule angelisikia uzito wake.

Nahau za Kiingereza na wenzake

*Kulipa bei ya kuumiza.* Kiingereza husema "to pay through the nose". Warusi hawataji pua hapa. Husema mtu amelipa "vtridoroga", yaani mara tatu ya bei. Kiswahili kina kulanguliwa, na mitaani utasikia "amepigwa".

*Kuingilia yasiyokuhusu.* Kiingereza ni "to poke your nose into something", na Kirusi ni "sovat nos": picha ni ileile, pua inachomekwa mahali isipoitwa. Warusi wana hata msemo kuhusu Varvara, mwanamke mdadisi aliyeng'olewa pua sokoni. Sisi humwambia mtu wa namna hiyo kwamba ana kiherehere au kimbelembele. Tukitaka kumwonya kwa methali, tunasema "pilipili usiyoila yakuwashiani?" au "ya Ngoswe mwachie Ngoswe". Methali hizi zinabeba onyo lote bila kumgusa mtu pua.

*Dharau.* Hapa angalia vizuri, maana Kiingereza kina nahau mbili zinazofanana. "To turn up your nose at something" ni kukidharau kitu, kama chakula au zawadi. Kirusi ni "vorotit nos", kugeuza pua pembeni, na Kiswahili kinajibu sawasawa: kukunja pua au kubetua midomo. Ya pili, "to look down your nose at someone", ni kumdharau mtu. Warusi husema "smotret svysoka", kutazama kutoka juu. Kwetu mwenye dharau humpandisha na kumshusha mwenzake kwa macho. Pua haina kazi hapo, macho yanatosha.

*Kujiumiza ili kumkomoa mwingine.* Kiingereza kina mtu anayejikata pua ili kuukomoa uso wake: "to cut off your nose to spite your face". Warusi, watu wa nchi ya baridi kali, wanaye mtoto anayeacha masikio yake yagande kwa barafu ili kumkomoa mama yake. Sisi tunaye mtoto anayesusa chakula akidhani anamtesa mama jikoni, na tunamwambia: "Ukisusa, wenzio twala." Nchi tatu, picha tatu, na mtoto ni yuleyule. Kuna pia "kujipalia makaa", na methali fupi: hasira hasara.

*Kuchapa kazi bila kupumzika.* "To keep your nose to the grindstone" humwonyesha mtu aliyeinama juu ya jiwe la kunolea hadi pua inaligusa. Usilichanganye na jiwe la kusagia nafaka. Mrusi husema anafanya kazi bila kuweka mikono chini, "ne pokladaya ruk". Mswahili amejifunga kibwebwe.

*Kutoona mbali.* Kiingereza na Kirusi husema kwa namna moja kwamba mtu haoni zaidi ya pua yake. Hapa Kiswahili hakihitaji pua: "haoni mbali" inatosha, na kila mtu ataelewa kwamba hatusemi habari za macho yake.

*Jambo lililo wazi.* Mwingereza husema liko wazi kama pua usoni mwako, "as plain as the nose on your face". Mrusi husema liko wazi kama mchana, "yasno kak den". Sisi tuko karibu na Mrusi: kweupe, au dhahiri shahiri.

Mitego: pua moja, maana mbili

Nahau iliyo ngeni kabisa humfanya mtu asimame na kuuliza. Ile inayofanana na unayoijua ndiyo humpotosha, kwa sababu hupita nayo bila kuuliza. Hii hapa mitego minne.

Mtego wa kwanza ni kuongozwa kwa pua. Kwa Kiingereza, "to lead someone by the nose" ni kumtawala mtu kabisa, kama fahali anayevutwa kwa kamba iliyopitishwa puani. Shakespeare aliitumia picha hiyo katika *Othello*, ila mnyama wake alikuwa punda. Kirusi kina "vodit za nos", na neno kwa neno ni jambo lilelile, kumwongoza mtu kwa pua. Lakini maana yake ni kumdanganya, hasa kwa ahadi zisizotimizwa. Ya Kiingereza itafsiri kwa "kumpelekesha" au "kumwendesha". Ya Kirusi itafsiri kwa "kumzungusha" au "kumpiga chenga". Ukizibadilisha, mtu aliyetapeliwa utamfanya mtumwa.

Mtego wa pili ni "puani". Kwa Kiingereza, kitu kilicho "on the nose" ni sahihi kabisa, hakikuzidi wala hakikupungua. Kwa Kirusi, mtihani ulio "na nosu", yaani juu ya pua, ni mtihani ambao siku zake zimekaribia sana. Kwetu ungekuwa umebisha hodi.

Mtego wa tatu ni kubaki na pua. Kirusi husema "ostatsya s nosom", kubaki na pua. Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani mtu huyo amepona. La hasha, ameambulia patupu, ameachwa solemba. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba "nos" hapa linahusiana na kitenzi cha kubeba: mtu alipeleka zawadi, ikakataliwa, akarudi nayo. Mwandishi Nikolai Gogol aliutumia utata huu katika hadithi yake ya mwaka 1836 kuhusu ofisa wa St. Petersburg aliyeamka akakuta pua yake imetoweka. Ofisa huyo asiye na pua anapokea barua inayotumia nahau hiyohiyo kwa sura ya kumwacha mtu na pua. Mfasiri anayeitafsiri pua tu anaipoteza nusu ya barua.

Mtego wa nne uko nyumbani kwetu. Tunasema "itakutokea puani" kwa mtu anayefurahia jambo ambalo baadaye litamletea majuto. Kwa kuwa "to pay through the nose" nayo inapitia puani, wanafunzi huziunganisha. Usiziunganishe. Ya Kiingereza inahusu bei, na yetu inahusu majuto. Mkulima aliyelanguliwa mbolea hakukosa. Anayetokewa puani mara nyingi alionywa akakaidi.

Pua yetu nayo ina maneno

Kazi hii inakwenda pande zote mbili. Kijana wa Isansa akiulizwa na mgeni Tunduma iko umbali gani na Nakonde, atajibu kwa Kiswahili "pua na mdomo", na hakuna nahau inayoieleza miji hiyo miwili vizuri zaidi, kwani mpaka ndio unaoitenganisha. Lakini akimwambia mgeni kwa Kiingereza "nose and mouth", mgeni atabaki anamtazama. Aseme "right next door", yaani mlango wa pili.

Vivyo hivyo, timu ambayo "haijanusa fainali" haikuwahi kuikaribia. Usiitafsiri kwa kitenzi cha kunusa. Sema kwa Kiingereza kwamba haijawahi kufika karibu. Na anayezungumza kwa kubana pua ili asikike kama Mzungu, hiyo si nahau ya kutafsiri, ni tabia ya kuacha. Kiingereza kizuri kinajengwa na maneno sahihi, na mtu wa Mbozi anaweza kukisema kwa sauti yake mwenyewe.

Jinsi ya kufanya mazoezi

Chukua daftari, chora safu nne. Safu ya kwanza andika nahau kama ulivyoikuta. Ya pili, sentensi nzima iliyokuwamo, maana nahau bila sentensi yake haisomeki. Ya tatu, jambo lililotokea, kwa maneno ya kawaida. Ya nne, Kiswahili ambacho watu wa kwenu wangesema. Safu ya nne usiijaze kwa kamusi kwanza. Msomee mama, shangazi au babu safu ya tatu, usikilize anavyoisema. Baada ya hapo fungua kamusi kuhakikisha.

Jaribu sentensi hizi ukiwa umefunika majibu:

1. "Stop poking your nose into my business."
2. "The key was right under your nose."
3. "He turned up his nose at the food."
4. "Our team won by a nose."
5. "She kept her nose to the grindstone and passed."

Majibu yanayofaa ni haya:

1. Acha kiherehere, haya hayakuhusu.
2. Ufunguo ulikuwa mbele ya macho yako.
3. Alikikunjia pua chakula.
4. Timu yetu ilishinda kwa mbinde. Picha ya Kiingereza imetoka kwenye mbio za farasi, ambako farasi anaweza kumzidi mwenzake kwa urefu wa pua tu.
5. Alijifunga kibwebwe akafaulu.

Hesabu pua zilizobaki. Sentensi tano za Kiingereza zilikuwa na pua tano. Za Kiswahili zina moja. Hakuna kilichopotea, na msomaji wa Isansa ameelewa kila kitu.

Ninawaomba walimu na wazazi jambo moja. Mtoto akileta nahau ngeni nyumbani, msimwambie "sisi hatujui Kiingereza" mkaishia hapo. Mwulizeni kimetokea nini katika habari hiyo, kisha mpeni neno lenu. Neno hilo halimo katika kitabu chake cha kidato cha pili, na bila hilo Kiingereza chake kitaendelea kulipia mbolea kupitia puani.