Vijana, Mafunzo ya Polisi na Haki ya Mtoto: Maswali Yanayoulizwa Sana

Nchini Kenya, vijana na polisi hukutana kila siku: stejini, uwanjani baada ya mechi, kwenye msako wa usiku, barabarani siku ya maandamano. Mara nyingi mambo huishia kwenye salamu au kuonyeshana kitambulisho. Mara nyingine huishia seli, na kuna siku huishia mochari. Kila linapotokea la kuhuzunisha, watu husema polisi wafunzwe upya. Ila ni wachache wanaojua nani huamua polisi wafunzwe nini, na kijana apite wapi ili neno lake lifike hapo. Maelezo haya yanajibu maswali ambayo vijana, wazazi na walimu huuliza zaidi.

Mafunzo ya polisi yananihusu nini mimi raia?

Yanakuhusu kwa sababu yameandikwa katika Katiba. Kifungu cha 244 kinaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi iwafunze maafisa wake hadi kiwango cha juu kabisa cha umahiri na uadilifu, na iwafunze kuheshimu haki za binadamu na utu wa mtu. Kifungu hicho kinaitaka pia ijenge uhusiano mwema na jamii. Kwa hiyo yanayofundishwa katika vyuo vya polisi vya Kiganjo na Embakasi ni utekelezaji wa Katiba, na mwananchi ana haki ya kuyauliza.

Mageuzi haya yana historia. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, jopo lililoongozwa na jaji mstaafu Philip Ransley liliichunguza idara ya polisi mwaka 2009. Sheria za 2011 zilizounda upya huduma ya polisi na kuanzisha mamlaka huru ya kuisimamia zilitokana na msukumo huo. Mwishoni mwa 2022 liliundwa jopo jingine chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga. Lilikusanya maoni ya wananchi, likamkabidhi Rais ripoti Novemba 2023. Majopo huja na kwenda. Kazi ya kila mwaka ni kule wanakofunzwa makurutu. Samaki mkunje angali mbichi: afisa aliyezoea tangu ukurutu kumburuta mtoto kwa kola hatabadilishwa na semina ya siku mbili akiwa sajini.

Nani huamua kurutu afundishwe nini?

Inspekta Jenerali ndiye mkuu wa huduma, na vyuo viko chini yake. Lakini sheria imeipa Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi jukumu la kuweka sera za mafunzo, kuidhinisha mitaala na kusimamia utekelezaji wake. Vijana wengi hupeleka barua ya mafunzo kwa mkuu wa kituo cha mtaa, naye hana uwezo wa kubadili hata somo moja. Barua kuhusu mtaala iende kwa Tume, na nakala kwa Inspekta Jenerali. Kituoni peleka ya kituoni: seli, doria, lugha ya maafisa wa zamu.

Sheria inamwonaje mtoto anayekamatwa?

Mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Kabla ya 2022, mtoto wa miaka minane nchini Kenya angeweza kushtakiwa kwa jinai. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri huo hadi miaka 12. Mtoto aliye chini ya miaka 14 naye huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya, hadi mahakama iridhike kwa ushahidi kwamba anaweza.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi uwezekanavyo, na atengwe na watu wazima. Kama mtu mwingine yeyote aliyekamatwa, lazima aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za korti au siku isiyo ya korti. Mzazi au mlezi na afisa wa watoto wajulishwe. Mtoto hafungwi gerezani wala hahukumiwi kifo. Mahakama inaweza kumweka chini ya afisa wa probesheni, kuagiza apate ushauri nasaha, kumpeleka shule ya urekebishaji, au, kwa wenye umri mkubwa zaidi, taasisi za Borstal kama Shimo la Tewa na Shikusa kwa wavulana na Kamae kwa wasichana.

Mambo haya huharibika kwenye mstari mmoja wa kitabu cha matukio, yaani OB. Baada ya msako, afisa mwenye haraka humtazama mvulana mrefu wa miaka 15, asimwulize, akaandika “umri: 18”. Tangu hapo mvulana huyo ni mtu mzima machoni pa karatasi, na atalala seli moja na watu wazima. Mzazi akifika kituoni na cheti cha kuzaliwa, au hata kadi ya kliniki, aombe umri urekebishwe hapo hapo, kisha achukue nambari ya OB.

Je, kila kesi ya mtoto lazima ifike kwa hakimu?

La. Sheria ya Watoto inaruhusu kesi ya mtoto itolewe kwenye mkondo wa mahakama. Mtoto akikubali kosa kwa hiari yake, bila kutishwa, na mzazi au mlezi akashirikishwa, anaweza kuonywa rasmi, kuomba radhi, kurudisha alichochukua, kuamriwa ahudhurie shule au kupewa mshauri. Polisi, waendesha mashtaka na mahakama wote wana nafasi ya kuianza njia hii. Isipofundishwa vyema chuoni, afisa wa zamu ataona rahisi kumfungulia mtoto faili kuliko kumpigia simu afisa wa watoto.

Vijana wana nafasi gani kisheria katika kubadili mambo haya?

Nafasi zipo nyingi kuliko wengi wanavyodhani.

Ya kwanza ni Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, sehemu ya 41, inataka kila kaunti iwe na chombo hiki kikiongozwa na gavana, na miongoni mwa wajumbe awepo mwakilishi wa vijana. Uliza katika afisi ya kaunti yako: mwakilishi huyo ni nani, na walikutana lini mara ya mwisho?

Ya pili ni Kamati ya Watumiaji wa Mahakama. Katika kituo cha mahakama, kamati hii huwakutanisha mahakimu, polisi, waendesha mashtaka, maafisa wa probesheni, maafisa wa watoto na jamii. Ucheleweshaji wa kesi za watoto huzungumzwa hapo.

Ya tatu ni Bunge. Kifungu cha 118 kinalazimisha Bunge kushirikisha umma, na Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi la kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Mswada unapotangazwa kwa maoni, muda huwa mfupi. Kikundi kisichofuatilia matangazo ya Bunge hushtuka mlango umefungwa.

Ya nne ni Mamlaka Huru ya Kuchunguza Utendakazi wa Polisi, IPOA. Wengi huijua kwa malalamiko, lakini ina uwezo pia wa kukagua vituo na seli na kutoa mapendekezo. Kikundi kikionyesha kwamba watoto hulazwa na watu wazima katika kituo fulani, kimeipa IPOA sababu ya kwenda kujionea.

Sijafikisha miaka 18. Nami nina la kusema?

Unalo. Sheria ya Watoto inataka maoni ya mtoto yasikilizwe katika mambo yanayomhusu, kulingana na umri na ukomavu wake. Pitia Bunge la Watoto, chama cha shuleni au afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Walimu na viongozi wa vikundi wazingatie jambo moja: mtoto aliyewahi kupita mikononi mwa polisi asisimamishwe mbele ya kamera kusimulia yaliyompata. Aandike bila jina, au asimulie kwa mtu anayemwamini, kisha hoja ipelekwe na kikundi.

Maoni yenye uzito huandikwaje?

Hapa ndipo juhudi nyingi huangukia. Kikundi huandika: “Polisi waache kuwadhulumu vijana.” Ni kweli, lakini anayepokea hana la kufanya nayo kesho asubuhi. Linganisha na hii: “Tunaomba kila kurutu, kabla ya kufuzu, afanyiwe mtihani wa vitendo wa kumkamata mtoto wa miaka 13: aulize umri, amweleze sababu kwa Kiswahili chepesi, ampigie mzazi na afisa wa watoto, aandike OB bila kukisia umri, na aonyeshe atamweka wapi mbali na watu wazima.” Ombi hilo lina kitendo, lina kipimo, na mkufunzi anaweza kulitia kwenye ratiba.

Andiko zuri huwa na mambo manne: tatizo moja, ushahidi, sheria inayohusika, na kinachoombwa. Ushahidi ni tarehe, mahali, nambari ya OB na maelezo ya walioona. Uvumi wa mtandaoni uache. Kurasa mbili au tatu zatosha. Peleka nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa, na weka yako.

Kama huna taarifa, iombe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 kukujibu, na saa 48 iwapo taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Unaweza kuuliza, kwa mfano, saa ngapi za mafunzo ya makurutu hutumika kwa Sheria ya Watoto.

Na maoni yetu yakipuuzwa?

Sheria haiilazimishi serikali kukubali kila pendekezo. Inailazimisha kutoa nafasi ya kweli ya kusikiliza. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Ukinyimwa taarifa, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kuketi na polisi si kuwasaliti wenzetu?

Swali hili huulizwa sana mitaani, na lina msingi, kwa sababu wapo waliopoteza ndugu na hawajaona kesi ikifika mwisho. Mwaka 2017 Kituo cha Haki za Jamii cha Mathare, jijini Nairobi, kilitoa ripoti iliyoandaliwa na wakazi wenyewe, vijana wakiwemo, kuhusu mauaji yanayohusishwa na polisi mtaani mwao. Walikusanya shuhuda za familia na kuziweka kwa maandishi, na mjadala haukuweza tena kuendeshwa kama kwamba ni porojo za vijiweni. Kudai aliyeua ashtakiwe na kudai kurutu afunzwe vyema ni madai yanayokwenda pamoja. Kikundi kisikubali mkutano wa chai na picha pekee. Kitoke na kumbukumbu za maandishi, jina la afisa anayehusika na tarehe ya kurudi.

Tuanzie wapi?

Chagueni jambo moja mtaani mwenu, kwa mfano umri unaoandikwa kwenye OB au mahali watoto wanapolazwa kituoni. Lifuatilieni kwa miezi michache, liandikeni kurasa mbili, mlipeleke kwa Kamati ya Watumiaji wa Mahakama na mwakilishi wa vijana wa kaunti, na nakala kwa IPOA. Kama kaunti yenu haina mwakilishi huyo, basi hilo ndilo ombi lenu la kwanza kwa gavana. Kiti hicho kimewekwa na sheria tangu 2011, daini kikaliwe.