Diskasheni Niliyoiongoza Ikampa Mtu Sapu

Wanachuo wenzangu, kila semista ikikaribia mwisho tuna kawaida yetu: anayejua kidogo anamwelekeza asiyejua. Ni kawaida nzuri. Lakini diskasheni moja niliyoiongoza mimi ilimwingiza mtu kwenye sapu, na nasimulia ili yasiwakute.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Kayanga, Karagwe. Nimemaliza mwaka wa pili wa udaktari, kwa hiyo mtaani nishaitwa "dokta" kabla ya wakati. Wadogo zetu wanne wanaosoma diploma ya uuguzi wakaniomba niwapitishe anatomia na fiziolojia. Mmoja, binti wa Nkwenda kule Kyerwa, alikuwa akilipa nauli kila Jumamosi kupitia Omurushaka ili tu anisikilize.

Tulipofika kwenye moyo nikawapa njia ya mkato: "Ateri damu safi, vena damu chafu. Shikeni hilo, mmemaliza." Wakaandika, wakapigia mstari. Nikajiona ticha kweli.

Kwenye mtihani likaja swali: ateri ya mapafu hubeba damu ya aina gani, na kwa nini? Yule binti akajibu nilivyomfundisha. Alama mbili zikamfanya asifikie pasi. Swali lile lilikuwa na alama nne. Hakunilaumu. Alisema tu, "Kaka, si ndivyo ulivyotuambia?" Nikakosa la kusema.

Ukweli ni huu. Mshipa huitwa ateri kwa sababu unatoa damu moyoni, na vena kwa sababu unairudisha. Jina linafuata uelekeo, halifuati mzigo. Barabara ya kutoka Omurushaka kwenda Murongo inabaki ya Murongo, lori likiwa limejaa au tupu. Ateri ya mapafu inatoka moyoni na damu yenye oksijeni kidogo. Vena za mapafu zinarudi na damu iliyojaa oksijeni. Na ile tunayoiita "chafu" si chafu: mwili ukiwa umepumzika, bado ina karibu robo tatu ya oksijeni iliyoondoka nayo.

Mtu atasema ni maneno tu. Hapana. Mama aliyejifungua juzi akivimba mguu mmoja, kisha ghafla akakosa pumzi, muuguzi anatakiwa afuate njia kichwani: donge limetoka kwenye vena ya mguu, limepita upande wa kulia wa moyo, limeziba ateri ya mapafu. Aliyekariri kwamba ateri ni "damu safi" atapotea njiani.

Kabla ya sapu nikaamua kuanza upya. Nikaenda buchani kuomba moyo wa mbuzi ambao haujapasuliwa, mirija yake ikiwa imeachwa mirefu. Mwenye bucha akaniuliza, "Wa kupika au wa kupimia?" Nikamwambia wa kusomea, akacheka, akanichagulia mzuri.

Safari hii sikueleza kitu. Niliwapa moyo, wembe na kikombe cha maji, nikakaa pembeni. Walibonyeza kuta kwa vidole wakagundua upande mmoja ni mnene zaidi. Ni wa kushoto, kwa sababu unasukuma damu mwili mzima, wakati wa kulia unaipeleka mapafuni tu, hapo jirani. Walimimina maji kwenye aota, vilango vikajifunga, maji yakasimama. Kisha wakapasua. Nikawaambia watafute tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini. Hawakuliona.

Hapo nikawapa kisa cha Galen, tabibu wa enzi za Warumi. Yeye alifundisha kwamba ukuta ule una vitundu vinavyopitisha damu. Watu wakamwamini zaidi ya miaka 1,000, mpaka karne ya 13 Ibn al-Nafis, tabibu wa Kairo, alipoandika kwamba ukuta hauna tundu na damu hupitia mapafuni. Kosa la mwalimu lina maisha marefu. La kwangu lilidumu wiki sita tu, na lilitosha kumpeleka mtu sapu.

Mwisho, binti wa Nkwenda akatueleza safari nzima kwa mdomo wake, Kiswahili, na alipokwama akatia Kinyambo, kisha akarudia kwa Kiingereza cha mtihani. Alipokosea nilimuuliza, "Damu imetoka wapi?" Akajirekebisha mwenyewe. Sapu akaitoa.

Kwa hiyo, wewe unayeongoza wenzako msimu huu, shika haya matatu. Kabla hujatoa njia ya mkato, tafuta mahali inapokosea. Ukipapata, wataje hapo hapo. Zungumza kidogo kuliko wao, kwa sababu anayeeleza ndiye anayejifunza. Na usiulize "mmeelewa?" Wote wataitika ndiyo. Sema, "Nieleze mimi, kana kwamba sijui."

Sasa nieleze wewe: kwa nini ateri za kitovu za mtoto aliye tumboni hubeba damu yenye oksijeni kidogo? Ukijibu kwa uelekeo, umeelewa. Ukijibu kwa usafi, tukutane Jumamosi.