Kijerumani kwa Mtafiti wa Kiswahili: Faida za Kitaaluma, za Kikazi na za Kibinafsi

Ikisiri

Makala haya yanajadili faida anazozipata mwanafunzi wa Kiswahili anayejifunza Kijerumani akiwa chuo kikuu. Hoja ya msingi ni kwamba faida za kikazi zinazotajwa sana, kama vile ufadhili na ajira, ni za kweli, lakini hazitangulii. Faida inayotangulia ni uwezo wa mtafiti kusoma mwenyewe ushahidi unaoihusu lugha yake, ambao sehemu yake kubwa iliandikwa au kufasiriwa kwa Kijerumani. Makala yanaonyesha kwamba faida nyingine hutokana na hiyo.

1.0 Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wa uzamili huja ofisini kuuliza swali moja: "Mwalimu, mimi ninasoma Kiswahili, Kijerumani kitanisaidia nini?" Jibu lililozoeleka ni kwamba kitawafungulia mlango wa kwenda Ujerumani. Jibu hilo si la uongo, lakini lina upungufu. Linaichukulia lugha kama tiketi ya safari, na mwenye tiketi akikosa safari huiona haina maana tena.

Mwandishi wa makala haya analo deni la kukiri. Katika tasnifu yake ya uzamili alijadili maoni ya Carl Meinhof kuhusu fonolojia ya lugha za Kibantu, akayataja kuwa ni maoni ya mwaka 1899. Ukweli ni kwamba hakuwa amekisoma kitabu cha Kijerumani cha mwaka huo, *Grundriss einer Lautlehre der Bantusprachen*. Alisoma toleo la Kiingereza la mwaka 1932, lililotafsiriwa na N. J. van Warmelo. Toleo hilo si tafsiri tupu ya kitabu cha 1899, kwani lilirekebishwa na kupanuliwa kwa ushirikiano na Meinhof mwenyewe pamoja na Alice Werner. Kwa hiyo mwandishi alimvika Meinhof wa 1899 mawazo yaliyopitia marekebisho ya zaidi ya miaka thelathini. Hakuna mtahini aliyeligundua kosa hilo. Mwandishi aliligundua mwenyewe miaka kadhaa baadaye, alipoanza kusoma Kijerumani. Kosa hilo ndilo chanzo cha makala haya.

2.0 Kiswahili katika Maandishi ya Kijerumani

Ni vigumu kuandika historia ya uchunguzi wa Kiswahili bila kupitia Berlin na Hamburg. Seminari ya Lugha za Mashariki, *Seminar für Orientalische Sprachen*, ilianzishwa Berlin mwaka 1887, na Kiswahili kilifundishwa humo kwa maofisa, wafanyabiashara na wamishionari waliokuwa wakijiandaa kuja Afrika Mashariki. Hapo ndipo C. G. Büttner alipotoa mkusanyo wa barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu (1892) na *Anthologie aus der Suaheli-Litteratur* (1894). Carl Velten alimfuata kwa *Safari za Wasuaheli* (1901) na *Desturi za Wasuaheli* (1903). Mwaka 1940 Ernst Dammann alichapisha *Dichtungen in der Lamu-Mundart des Suaheli*, mkusanyo wa tungo za lahaja ya Kiamu wenye tafsiri na maelezo ya Kijerumani.

Mfano wa *Desturi za Wasuaheli* unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Matini ya Kiswahili ilitoka mwaka 1903, na katika mwaka huohuo ikatoka tafsiri ya Kijerumani kama kitabu cha peke yake. Msomaji anayejua Kiswahili tu anaiona kazi upande mmoja. Hawezi kupima jinsi maelezo hayo yalivyowasilishwa kwa wasomaji wa Kijerumani, wala kuuliza ni neno gani lilibadilishwa uzito wake katika kuvuka. Nyuma ya kitabu hicho yupo Mtoro bin Mwinyi Bakari, mkazi wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari hiyo. Mwaka 1904 alioa mwanamke Mjerumani. Mwaka 1905 walipotaka kuingia Dar es Salaam, serikali ya kikoloni iliwazuia kushuka. Alirudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Mtu huyu aliyetuachia mojawapo ya nathari muhimu za Kiswahili aliishi nusu ya maisha yake ya utu uzima ndani ya Kijerumani. Tukitaka kumwelewa, itatubidi nasi tuingie humo.

Lipo pia suala la itikadi. Katika *Die Sprachen der Hamiten* (1912) Meinhof aliiweka Kifulani katika kundi la lugha za "Kihamiti", na uainishaji wake ulichanganya vigezo vya lugha na dhana za mbari. Joseph Greenberg aliupinga mkabala huo, na katika uainishaji wake wa 1963 Kifulani kimo katika familia ya Niger-Kongo pamoja na lugha za Kibantu. Wanafunzi wetu huyajua haya kama muhtasari wa kukariri. Anayesoma maandishi yenyewe huona mahali ambapo uchambuzi makini wa sauti unakoma na dhana ya ubora wa watu fulani inaanza, wakati mwingine katika ukurasa uleule. Uhakiki wa namna hiyo haufanyiki kwa kutegemea muhtasari wa mtu mwingine.

3.0 Kijerumani kama Kioo cha Sarufi

Faida ya pili ni ya kiisimu. Kijerumani kina jinsia tatu za kisarufi, nacho Kiswahili kina ngeli. Mifumo hii miwili inatofautiana kwa umbo, lakini inazua tatizo moja la kinadharia: upatanisho ufuate umbo la nomino au maana yake?

Tuchukue neno *Mädchen*, yaani msichana. Kwa sababu lina kiambishi tamati cha udogo *-chen*, neno hili si la jinsia ya kike bali ni la jinsia ya tatu: *das kleine Mädchen*. Hata hivyo, linaporejelewa kwa kiwakilishi baadaye, msemaji anaweza kutumia *es* kwa kufuata umbo, au *sie* kwa kufuata maana.

Sasa tutazame Kiswahili. Nomino "kijana" ina kiambishi *ki-*, lakini tunasema:

(1) Kijana mrefu amefika.

Hatusemi "*Kijana kirefu kimefika". Hapa maana imeshinda umbo katika kivumishi na katika kitenzi pia. Lakini tutazame nomino "rafiki":

(2) Rafiki yangu mzuri amefika.

(3) Rafiki zangu wazuri wamefika.

Kimilikishi kimefuata umbo (yangu, zangu), ilhali kivumishi na kitenzi vimefuata maana. Greville Corbett alipendekeza mwaka 1979 ngazi ya upatanisho ambayo kwayo upatanisho wa maana huongezeka kadiri tunavyotoka kwenye vijenzi vinavyoandamana na nomino kuelekea kwenye viwakilishi. Kijerumani kinalingana vizuri na ngazi hiyo. Kiswahili kinatulazimisha kuuliza zaidi, kwani kimilikishi na kivumishi vyote huandamana na nomino, na bado katika (2) na (3) vimeachana. Mwanafunzi aliyezaliwa ndani ya Kiswahili huvitumia viambishi hivi bila kuviona. Inapombidi kuhangaika na *der*, *die* na *das*, huanza kuvitazama vya kwake kwa macho mapya.

Hata msamiati hufaidika. "Hela" linahusishwa na *Heller*, sarafu ndogo iliyotumika baada ya mageuzi ya fedha ya mwaka 1904, ambapo rupia moja ilikuwa na heller 100. "Shule" linatokana na *Schule*. Na Zanzibar, ambako Wajerumani hawakutawala, neno lililoshika mizizi ni "skuli". Historia ya dola imo ndani ya maneno hayo mawili.

4.0 Faida za Kikazi

Faida za kikazi zielezwe bila kutiwa chumvi. Shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, DAAD, limekuwa likiwafadhili wasomi wa Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Kiswahili kinafundishwa na kutafitiwa Bayreuth, Hamburg, Leipzig na kwingineko; mwandishi Said Ahmed Mohamed alipata udaktari wake Leipzig na baadaye akawa profesa Bayreuth. Ni kweli kwamba programu nyingi za uzamili na uzamivu huko sasa huendeshwa kwa Kiingereza, na mtu anaweza kupata shahada bila kujua Kijerumani. Lakini mtu huyo ataishi pembeni mwa maktaba na nyaraka zilizompeleka huko.

Nafasi nyingine zipo nyumbani. Nyaraka za Taifa za Tanzania zinahifadhi kumbukumbu za utawala wa Kijerumani, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Sehemu yake imeandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila mafunzo. Msomi anayejua Kijerumani, mwandiko huo na Kiswahili pia ni hazina adimu. Haja yake imeongezeka tangu Rais Frank-Walter Steinmeier alipoomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023 kwa ukatili uliotendwa katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Mazungumzo kuhusu mabaki ya wahenga na mali zilizochukuliwa yatahitaji wasomaji wa nyaraka, na si haki wasomaji hao wawe wa upande mmoja tu.

Tafsiri, ukalimani, utalii na ufundishaji navyo vinaajiri. Nchini Kenya, makubaliano ya ajira yaliyotiwa saini na Ujerumani Septemba 2024 yameongeza hamu ya lugha hii. Tuwaambie vijana wetu ukweli: viwango vya mwanzo havitoshi kwa kazi ya kitaalamu, na kufikia kiwango cha kufaa huchukua miaka.

5.0 Faida za Kibinafsi

Faida ya mwisho haipimiki kwa cheti. Mhadhiri aliyezoea kusahihisha wengine anapokaa tena dawatini, akasahihishwa na kijana wa umri wa wanawe, hujifunza unyenyekevu. Tangu mwandishi wa makala haya aliposhindwa mara nyingi na vitenzi vinavyogawanyika, ambavyo sehemu yake hukimbilia mwisho wa sentensi, hajamcheka tena mgeni anayesema "kitabu yangu". Anajua sasa kwamba kosa hilo lina mantiki, na kazi ya mwalimu ni kuitafuta.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kijerumani kinamfaa mtafiti wa Kiswahili kwanza kwa sababu ya Kiswahili chenyewe. Inapendekezwa kwamba idara zetu ziweke kozi ya kusoma Kijerumani cha kitaaluma kwa wanafunzi wa uzamili wanaotafiti historia ya lugha, leksikografia na fasihi kongwe, ikiwa pamoja na usomaji wa mwandiko wa zamani. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika taaluma, mtegemea tafsiri ya mwenziwe huenda asife maskini, lakini hurithi makosa yasiyo yake na kuyatia saini kwa jina lake.