Majivu, Utupa na Kiwavi cha Mahindi

Ninyi mnaolima karibu na Kolwezi mnamjua kiwavi huyu. Kwao ni Amerika; katika Afrika alionekana kwanza mwaka 2016. Kichwani ana alama nyeupe ya mistari mitatu inayokutana, na karibu na mkia ana madoa manne meusi, yamekaa kama pembe nne za nyumba. Akila moyo wa mahindi, bukari ya nyumbani hupungua.

Watu husema: Tia majivu. Wengine husema: Tia utupa, ile dawa ya kulevya samaki. Je, zafaa?

Majivu makavu yaliyochungwa yafaa, lakini kwa kiwavi mdogo tu. Yakimgusa humkwaruza ngozi na kumkausha. Kiwavi mkubwa amekwisha kuingia ndani na kuziba mlango kwa mavi yake, majivu hayamfikii. Mvua nayo huyaosha, basi rudieni. Chukueni majivu ya jikoni. Msichukue tope wala vumbi la machimbo, kwa kuwa lina shaba na kobalti, na udongo ukipata sumu hiyo hausafiki upesi.

Utupa una sumu ya kweli: iuayo samaki huua na wadudu. Kwa hiyo msioshe vyombo vyake mtoni. Maji ya tumbaku ni makali pia, lakini hupenya ngozi ya mtu, hayo hatuyasifu.

Dawa iliyo bora ni mikono. Mayai hulazwa pamoja, mia na zaidi, yamefunikwa kwa vinyweleo kama pamba, na baada ya siku chache hupasuka. Tangu mahindi yakiota, piteni shambani mara mbili kila juma, mkayaponde.

Tena, angalieni jambo hili. Mmea ulioliwa majani mara nyingi hupona wenyewe, hasa ukipaliliwa na kupata samadi. Mwenye shamba aliyetia majivu atasema, "Majivu yameponya." Labda ndivyo, labda sivyo. Basi acheni mistari miwili katikati ya shamba bila majivu, mkatie mingine yote. Siku ya kuvuna, pimeni mahindi ya mistari hiyo miwili, na ya miwili ya jirani yake iliyotiwa, kwa kikapu kimoja. Yakilingana, msichoke bure mwaka ujao.