Beba Hoja, Acha Jina: Mbinu za Kuendesha Mjadala wa Faragha Kuhusu Mambo ya Nje

Kila aliyewahi kuhudhuria semina Dar es Salaam anaijua karatasi ya mahudhurio. Huanza kuzunguka kabla mgeni rasmi hajaketi: jina, taasisi, cheo, namba ya simu, saini. Bila saini hakuna nauli. Jioni huja picha ya pamoja, na wenzetu wa Mbagala na Tegeta hawajafika nyumbani, picha imeshatangulia kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa semina ya kilimo cha mbogamboga, hakuna ubaya. Lakini kwa mjadala wa vita vya mashariki mwa Kongo, ambako ofisa wa serikali, mwanajeshi mstaafu na mtafiti wamealikwa waseme yaliyo moyoni, karatasi ile na picha ile zinatosha kuwafunga midomo.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Kurasini, wilayani Temeke, kipo Chuo cha Diplomasia, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji na ambacho sasa kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Upande wa Kinondoni zipo taasisi za utafiti za ESRF, iliyoanzishwa mwaka 1993, na REPOA, ya mwaka 1994. Utafiti wa hizi mbili umejikita zaidi kwenye uchumi na maendeleo, ila huwezi kuzungumzia uchumi wa Tanzania ukaiacha nje mipaka na majirani. Tena nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na pia wa Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC). Ndiyo maana viongozi wa jumuiya zote mbili walikutana hapa Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025 kuijadili Kongo. Katika hali hiyo, neno la ofisa mmoja likitoka ukumbini na jina lake, kesho linasomwa kama msimamo wa serikali. Akilijua hilo, atasoma hotuba aliyoandikiwa na kuondoka. Hapo mmepoteza siku.

Dawa yake ilitungwa London. Taasisi ya mambo ya kimataifa ya Chatham House, iliyoanzishwa mwaka 1920, iliweka kanuni yake mwaka 1927, ikaiboresha mwaka 1992 na tena 2002. Kiini chake ni chepesi: uliyoyasikia unaruhusiwa kuyatumia, ila usimtaje aliyeyasema, taasisi yake, wala mwingine yeyote aliyekuwepo. Wengi huidhani kanuni hii ni amri ya kunyamaza, na hapo ndipo wanapokosea. Kinachofunikwa ni jina. Hoja inaachiwa itembee.

Ukitaka kuitumia hapa kwetu, fuata hatua hizi.

1. Amua daraja la usiri kabla ya kutuma mialiko. Yapo matatu. La kwanza ni mjadala wa wazi: waandishi wa habari wapo na kila mtu ananukuliwa kwa jina. La pili ni kanuni ya Chatham House. La tatu ni siri kamili, ambapo hata hoja haitoki. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), iliyokuwa na makao yake jijini humu tangu 1963 hadi 1994, isingeweza kupanga misaada ya wapigania uhuru kwa daraja jingine zaidi ya hilo la tatu. Taasisi ya utafiti mara chache huhitaji kufika huko. Chatham House yenyewe hufanya mikutano mingi ya wazi. Unaweza pia kugawa siku: asubuhi mada za wazi, mchana majadiliano ya faragha, mradi kila mmoja ajue mpaka uko wapi.

2. Iandike kanuni kwenye mwaliko, kisha isome ukumbini. Usiseme tu "tutafuata Chatham House" ukadhani wote wameelewa. Mwenyekiti aseme kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla ya mada ya kwanza: "Ndugu washiriki, mtakayoyasikia hapa mnaruhusiwa kuyatumia. Aliyeyasema, anakotoka, na waliokuwepo, tusiwataje, leo wala kesho. Asiyeridhia aseme sasa." Kisha anyamaze kidogo, watu wapate nafasi ya kuuliza. Kanuni hii haina polisi. Nguvu yake ni ahadi ya waliomo ndani, na ahadi hutolewa na anayejua anachoahidi.

3. Hesabu masikio yote. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika kumbi zetu kata ni nyingi: fundi mitambo, mpiga picha, wahudumu wa chai, mkalimani. Wote wapewe maelezo yale yale, au watoke mjadala unapoanza. Washiriki wasiozidi ishirini hawahitaji vipaza sauti vinavyosikika hadi kwenye maegesho. Kama wapo wanaoshiriki kwa mtandao, zima kitufe cha kurekodi, na hakikisha hakuna programu inayonakili mazungumzo yenyewe bila mtu kuiagiza. Picha ya pamoja iachwe. Mkiihitaji sana, pigeni ya ukumbi mtupu wenye bango la mada.

4. Tenganisha malipo na mahudhurio. Mkaguzi wa hesabu anataka saini ya nauli, na ni haki yake. Basi kila mshiriki asaini karatasi yake peke yake, si orodha inayopita mikononi mwa watu arobaini. Karatasi hizo zikae kwa mhasibu, kabatini, kwa ufunguo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakubana: majina na namba za simu za watu si mali ya kugawa. Kwa sababu hiyo hiyo, usifungue kundi la WhatsApp la "maandalizi". Siku utakayolifungua, kila mmoja atakuwa amewajua wenzake wote. Mtumie kila mtu ujumbe wake.

5. Mwandishi wa kumbukumbu aandike hoja, asiandike watu. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa duru za diplomasia Dar es Salaam ni ndogo. Ukiandika "ofisa mmoja aliyewahi kuhudumu Maputo alionya kuhusu Cabo Delgado", umemtaja. Kilichobaki ni kutamka jina tu. Andika "ilielezwa kwamba" au "baadhi ya washiriki waliona". Rasimu ikikamilika, mpe mtu mmoja anayewafahamu washiriki, umuulize swali moja: unaweza kubahatisha nani alisema nini? Akipatia hata mmoja, rudi ukaandike upya.

6. Kanuni ya ukumbi haiizidi sheria ya nchi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inalinda nyaraka na taarifa zilizowekewa daraja la siri, na ahadi ya washiriki haimkingi anayezitoa. Mwambie mtumishi wa umma mapema kwamba mnahitaji uchambuzi na uzoefu wake, hamhitaji jalada la ofisini. Akianza kuteleza, mwenyekiti amkatishe kwa heshima. Kumkatisha ni kumlinda.

7. Mlango ukifungwa, kitu kitoke. Mwananchi ana haki ya kutilia shaka watu wanaokaa chumbani wakizungumzia nchi yake. Mjibu kwa matendo: tangaza mada, tangaza nani amefadhili, na ndani ya wiki mbili toa muhtasari wa kurasa mbili tatu wenye hoja, mapingamizi na mapendekezo. Faragha isiyozaa hata karatasi moja haina tofauti na umbea. Wala isitumike kufunika rushwa au mikataba inayopaswa kuwa wazi. Kanuni hii ipo ili watu wafikiri pamoja bila woga.

8. Neno likivuja, wahi. Mpigie kwanza aliyeumizwa, kabla hajaonyeshwa na mwingine kwenye simu. Mweleze mnachokijua na mnachofanya. Usikanushe jambo la kweli. Aliyevujisha akijulikana, aambiwe ana kwa ana, na mialiko yake ikome. Wenzake wakiona mmelichukulia kwa uzito, watarudi.

Hatua zote nane hazigharimu kitu zaidi ya nidhamu. Wewe unayeandaa mjadala wako ujao, uwe Kurasini au Kinondoni, anza na ile karatasi inayozunguka mezani. Iondoe. Kisha simama mbele ya uliowaalika, uwape ahadi, na uitunze. Nchi inayoitwa kusuluhisha majirani zake inahitaji mahali ambapo watu wake wanaojua mambo wanaweza kuambizana ukweli.